Ndege Inayorudi Tupu

Baba yangu, Oguttu, aliisoma barua ya hospitali barabarani, kabla mimi mwenyewe sijaiona. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nane, mwaka 1965. Alikuwa fundi katika kiwanda cha simenti Tororo, na kila Jumamosi akirudi nyumbani Dabani alipitia posta. Nilimwona akiingia uani anasukuma baiskeli badala ya kuipanda, barua iko mkononi, kofia imekaa upande.

“Teopista,” aliniita. “Wamekukubali.”

Nilikuwa na miaka ishirini, nafundisha darasa la pili katika shule ya misheni bila cheti chochote cha ualimu. Kwa mwaka mzima nilikuwa nikiandikia hospitali za Uingereza zilizofundisha uuguzi. Tatu hazikujibu, mbili zilikataa. Hii ya sita, katika mji mmoja wa kaskazini, ilisema masomo yangeanza wiki ya kwanza ya Januari. Malazi na chakula wangenipa, na posho kidogo kila mwezi. Nauli ya kufika huko ilikuwa juu yangu.

Mama alitoka jikoni, akanikumbatia kwa mikono yake yenye harufu ya moshi wa samaki, akapiga vigelegele mpaka majirani wa ng’ambo ya bonde wakaitikia bila kujua kuna nini. Halafu akauliza swali ambalo baba na mimi tulikuwa tunalikwepa.

“Ndege ni kiasi gani?”

Jina lake lilikuwa Anjeline, lakini soko zima la Busia lilimwita Mama Teopista. Alinunua ngege, wale samaki wapana wa ziwani, waliobanikwa, kutoka kwa wavuvi wa Majanji na kuwauza Busia, pande zote mbili za mpaka, na siku nyingine aliwafikisha Tororo. Shule alisoma miaka mitatu tu. Biblia ya Kisamia aliisoma polepole, lakini kwa bei hakuna mtu aliyeweza kumpita.

Jumatatu tulikwenda naye Tororo. Katika barabara ya maduka kulikuwa na ofisi ndogo iliyouza tiketi za ndege na meli. Mwenye ofisi alikaa chumba cha ndani na simu yake. Mbele, kwenye meza yenye mashine ya kupiga chapa, alikaa karani wake, Mjapadhola mmoja mwembamba, mstaarabu sana, aitwaye Ofumbi. Alifungua kitabu kinene cha nauli, akafuata mstari kwa rula, kisha akatuambia: shilingi elfu mbili na mia nne, kwenda tu.

Huo ulikuwa mshahara wa baba wa mwaka mzima.

“Na meli?” mama aliuliza.

Meli kutoka Mombasa ilikuwa na nafuu kidogo, Ofumbi alisema, lakini vitanda vya bei ya chini vilikuwa vimeshachukuliwa mpaka mwezi wa pili. Mama alishukuru, tukatoka. Njia yote ya kurudi alikuwa akihesabu kwa vidole.

Baba alikuwa ameshapata jibu lake. Tulikuwa na shamba Buteba, ekari nne alizoachiwa na baba yake, na kulikuwa na mtu aliyekuwa akilitaka siku nyingi. Jumamosi iliyofuata alisema angeliuza.

“Wadogo zake wanne watajenga wapi?” mama aliuliza.

“Mungu atajua. Mtoto wa Oguttu ameitwa Uingereza. Nitasema nilishindwa kumpeleka?”

“Sijasema umeshindwa. Nimesema usiuze. Nipe wiki mbili, Baba Teopista.”

“Wiki mbili za kufanya nini?”

“Za kutafuta bei.”

Baba alicheka, lakini si kwa furaha. “Bei ya ndege imeandikwa kitabuni, mama. Si fungu la samaki.”

Mama hakubishana. Alhamisi aliniambia nivae viatu, tukapanda lori pamoja na magunia yake mpaka Tororo. Alipomaliza kuuza, alinawa mikono bombani, akafunga upya mshipi wa gauni lake la gomesi, tukaingia tena kwa Ofumbi. Safari hii hakuuliza nauli. Alivuta kiti, akakaa.

“Bwana Ofumbi, mimi nauza samaki. Nikitaka kuleta magunia Tororo, sichukui gari ya kukodi. Hiyo ni ghali. Mimi nangoja lori ambayo imeleta simenti Busia. Ile inarudi huku tupu. Dereva anajua mafuta atachoma hata kama amebeba hewa, basi ananichukua kwa nusu. Sasa nauliza wewe: ndege gani inaleta watu huku kwetu, halafu inarudi Ulaya tupu?”

Ofumbi aliweka kalamu chini. Alimtazama mama, akanitazama mimi, akamtazama tena mama.

“Mama,” alisema, “nimekaa kwenye meza hii miaka minne. Wameingia hapa wakubwa wa serikali, maprofesa, maaskofu. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza hivyo.”

Alisimama, akavuta faili kutoka kabatini, akapekua karatasi moja baada ya nyingine. Kisha akatueleza kwa sauti ya chini, kana kwamba ni siri. Wazungu wengi wa Kenya na Uganda walikuwa wakisomesha watoto wao Uingereza. Kila Desemba, shule zikifungwa, kulikodiwa ndege za kuwaleta watoto hao kwa wazazi wao kula Krismasi. Zilitua Nairobi zimejaa watoto. Na kwenda London?

“Zinakwenda na nani?” mama aliuliza.

“Sijui,” alisema Ofumbi, na macho yake yalikuwa yameanza kung’aa. “Lakini naweza kuandika barua.”

Jibu la wenye ndege hizo lilitoka Nairobi baada ya siku tisa. Kulikuwa na ndege ya kukodi itakayotua uwanja wa ndege wa Embakasi tarehe kumi na nne Desemba na kuondoka siku hiyohiyo. Viti vya kurudi wangeweza kuviuza kwa wanafunzi, shilingi mia tisa kila kimoja. Lakini hawakuwa tayari kuhangaika na karatasi kwa ajili ya mtu mmoja. Walitaka kundi la watu kumi, kila mmoja na barua ya shule yake, na malipo yote yafike kabla Oktoba haijaisha.

Mia tisa tungeziweza. Akiba ya mama na ya baba zikiwekwa pamoja zilitosha, na shamba la Buteba lingebaki. Niliruka pale pale ofisini kama mtoto. Mama alikuwa anatazama ile karatasi tu.

“Watu kumi,” alisema. “Basi, mmoja nimeshamwona.”

Nyumbani tulidhani baba angefurahi. Badala yake uso wake ulikunjamana.

“Kwa hiyo mwanangu atapanda makombo ya watoto wa Wazungu.”

“Ndege haina makombo,” mama alimjibu. “Injini ni ileile, rubani ni yuleyule, na London haitahama kwa sababu tumelipa kidogo.”

“Watu watasema Oguttu alitafuta ya rahisi.”

“Watasema. Na watoto wako wanne watakuwa na mahali pa kujenga.”

Baba alitoka nje, akaenda kukaza mnyororo wa baiskeli ambao haukuwa umelegea. Mimi nilikuwa na jambo langu pia. Kuondoka tarehe kumi na nne maana yake ni kufika wiki tatu kabla ya masomo, tena kuikosa Krismasi ya nyumbani. Niliandikia hospitali kuuliza kama wangenipokea mapema. Mkuu wa wauguzi alijibu kwa mistari miwili: njoo, wakati wa Krismasi tunapungukiwa na mikono. Niliposoma barua ile kwa sauti, mama aligeuka upande, akasema moshi umemwingia machoni. Moto ulikuwa umeshazimwa.

Sasa walihitajika wengine tisa. Utawapata wapi watu wanaokwenda Uingereza ukiwa soko la Busia na beseni la samaki? Mimi sikujua. Mama alifikiri siku moja, kisha akasema, “Mtu anayekwenda mbali lazima apigwe picha.”

Mpiga picha wa Busia, upande wa Kenya, alikuwa Phanuel, mtu wa maneno mengi aliyekuwa na pazia la bluu na kiti kimoja. Mama alimpelekea ngege watatu wakubwa. Phanuel akakumbuka wateja wanne walioomba picha ndogo za pasipoti tangu Julai, na watatu walikuwa wanakwenda Uingereza. Kwa mpiga picha wa Tororo tukapata wengine wawili. Halafu mama akaenda zahanati walikochanja watu dhidi ya homa ya manjano, akazungumza na muuguzi mmoja aliyekuwa mteja wake. Huyo hakutaja majina, maana hayakuwa yake ya kutaja, lakini alikubali kumwambia kila anayekuja na barua ya shule kwamba kuna mama Busia anayetafuta wenzake wa safari.

Tulitembea. Wiki sita nzima, kila jioni baada ya shule na Jumamosi zote, tulitembea mimi na mama, mara nyingine kwa baiskeli, mimi nimempakia nyuma. Tulifika nyumba za Buteba, tulivuka kwenda vijiji vya upande wa Kenya, tulikwenda Malaba. Kila nyumba mama alianza upya habari ya lori la simenti. Wengine walielewa mara moja. Mwalimu mmoja wa kike, Leonida, aliyekuwa amepata nafasi ya kusomea kufundisha wasioona, alimsikiliza mpaka mwisho, akaingia chumbani, akarudi na barua ya chuo chake. “Mama, niandike,” alisema. Alikuwa wa kwanza.

Wengine walitufukuza kwa adabu. Mmoja alitufukuza bila adabu. Huyo alikuwa Ojangole, wakala wa forodha pale Malaba, tajiri mwenye gari lake, ambaye kijana wake Cornelius alikuwa anakwenda kusomea uhandisi. Alitusikiliza akiwa amesimama mlangoni, hakutukaribisha.

“Umetoka kuuza ngege sasa unauza ndege?” aliuliza, na makarani wake wakaangua kicheko. “Mwanangu atakwenda kwa tiketi ya watu wenye akili. Ya kwenu ikianguka jangwani, samaki wako watamwokoa nani?”

 Mama alirekebisha kitambaa chake cha kichwa.

“Kijana wako nampongeza, mzee,” alisema. “Uhandisi si mchezo. Tunakaa Dabani, mkitaka kuuliza kitu.”

Tuliposhika njia nilimuuliza kwa nini hakumjibu. “Nimemjibu,” alisema.

Mwisho wa Oktoba tulikuwa tisa, hatukuwa kumi. Kijana mmoja wa Busia alikuwa amejitoa baada ya mjomba wake kumwambia ni utapeli. Phanuel alitoa shauri: tujaze jina lolote, atatafuta picha ya mtu yeyote, barua ya shule ingepigwa chapa mahali, nasi tisa tugawane nauli ya kile kiti. Mama alimgeukia.

“Mimi nitasimama mbele ya Ofumbi na jina la mtu ambaye hayupo?” alisema. “Phanuel, huniuzii hiyo.”

Ijumaa ya mwisho alivaa gomesi yake ya kanisani, akaziweka barua tisa katika mfuko wa nguo na nauli zote tisa katika mwingine, tukaenda Tororo. Baba alikuwa zamu kiwandani. Ofumbi alihesabu zile barua, akatikisa kichwa kwa huzuni, akamwita mwenye ofisi. Yule bwana alitoka na miwani yake juu ya paji.

“Kumi, mama. Nairobi walisema kumi.”

“Nimesikia. Bwana, hao Nairobi wamepata makundi mangapi ambayo yamelipa?”

Aliigusa miwani yake. “Makundi mengi yameahidi.”

“Sikuuliza ahadi.” Mama aliweka mfuko wa pili mezani. “Hapa kuna watu tisa. Wana barua, wana picha, wana chanjo, wamelipa wote leo. Piga simu. Waulize kama wanataka tisa ambao wapo au wanangoja kumi ambao hawajaonekana. Wakikataa, mimi nachukua mfuko wangu na ile ndege itarudi imebeba hewa.”

Mwenye ofisi alimtazama Ofumbi. Ofumbi alikuwa anaitazama dari. Kisha yule bwana akaingia ndani, tukamsikia anazungusha simu, anangoja, anazungusha tena. Nilikuwa nimeushika ukingo wa kiti mpaka vidole vikauma. Mama alikuwa ametulia kama yuko sokoni siku ya kawaida. Simu ilichukua karibu saa nzima kuunganishwa, na mazungumzo yenyewe dakika tatu.

Alirudi akiwa ameivua miwani kabisa.

“Wamekubali,” alisema. “Wameuliza huyu wakala wa Busia ni nani. Nimewaambia ni mfanyabiashara mwenzetu.”

Ofumbi alipiga kofi moja kubwa, halafu akaona haya, akaanza kupanga karatasi. Tiketi yangu niliiona ikiandikwa kwa macho yangu: jina langu, Nairobi, London. Wino ulipokauka mama aliishika kwa ncha za vidole, akaigeuza nyuma na mbele, kisha akaniambia, “Soma kwa sauti.” Nikasoma. Akasema, “Rudia.”

Tulikwenda kumngoja baba nje ya lango la kiwanda. Wafanyakazi walitoka wamejaa vumbi jeupe kichwani mpaka miguuni, naye alikuwa katikati yao. Mama alimpa tiketi. Baba alipangusa mikono kwenye suruali, ambayo haikuwa safi kuliko mikono. Aliisoma. Akaisoma tena. Nilidhani angesema lile neno lake la makombo.

“Jamani!” aliita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. “Njooni muone! Mke wangu amekodi ndege!”

“Sikukodi ndege, Baba Teopista,” mama alinong’ona.

“Nyamaza, mama, niache.” Walikuwa wameshamzunguka. “Kitabu kilisema elfu mbili na zaidi. Amekaa na wakubwa wa Nairobi, amewashusha mpaka mia tisa! Si mtoto wetu peke yake. Watoto tisa! Wa Uganda na wa Kenya!” Alikuwa anacheka, na machozi yalichora mistari miwili kwenye lile vumbi la simenti. Alimshika mama mkono mbele ya watu wote, jambo ambalo mwanamume wa rika lake hakulifanya, akatembea naye hivyo mpaka stendi.

Wiki mbili baadaye gari la Ojangole lilisimama uani kwetu. Alishuka na Cornelius, kijana mpole aliyetazama chini. Mzee alikohoa, akasifu migomba yetu, akakohoa tena. Mwishowe akasema amesikia kundi lilikubaliwa, na kwamba nauli ya kawaida, kwa kweli, ilikuwa imempiga chenga.

Mimi nilingoja nisikie mama atamwambia nini. Nilikuwa nimeshamtungia maneno kichwani.

“Karibuni ndani,” alisema. “Cornelius, barua yako ya chuo unayo? Kesho mwende Tororo kwa Bwana Ofumbi, mwambie nimekutuma mimi. Kiti cha kumi hakijachukuliwa, na Nairobi bado wanapokea pesa.” Kisha akawapa chai na samaki.

Tarehe kumi na tatu Desemba tulipanda treni Tororo, daraja la tatu, wasafiri wa upande wa Uganda na ndugu wasiohesabika. Pale Malaba Leonida na wengine wa upande wa Kenya walipanda na masanduku yao, na kwaya ya kanisa lao ikaimba jukwaani mpaka treni ikaondoka. Kesho yake tulikuwa Embakasi. Baba alikuwa amevaa suti aliyooa nayo. Mama alikuwa na gomesi mpya ya rangi ya machungwa, na kila baba na mama wa wale wengine alikuja kumsalimu kwa mikono miwili.

Ndege ilitua kabla ya saa sita mchana. Watoto wa Wazungu walishuka wamevaa makoti mazito, wakakimbilia wazazi wao waliokuwa wanalia kwa furaha. Mama aliwatazama sana. Halafu akanivuta kando.

“Wale wameletwa kwa mama zao,” alisema. “Mimi nakutoa. Lakini sikuhofii. Unajua kuuliza.” Alinifunga vifungo vya koti nililonunuliwa Tororo, kimoja kimoja, ingawa jua lilikuwa kali. “Wauguzi wakubwa wakikuambia kitu hakiwezekani, uliza mara ya pili, kwa njia nyingine.”

Tuliitwa. Mama alisimama kwenye uzio, akitaja majina yetu yote kumi moja baada ya jingine tulivyokuwa tunapita kwenda kwenye ngazi, la Cornelius nalo akalitaja kwa sauti ileile aliyolitajia langu. Mhudumu wa ndege, msichana wa Kizungu, aliniuliza mlangoni yule mama wa nguo ya machungwa ni nani, mwalimu wetu?

“Ni mfanyabiashara,” nilisema. “Ni mama yangu.”

Krismasi ile niliila wodini, nikibeba trei kati ya vitanda vya wazee, na theluji dirishani ambayo sikuwa na wakati wa kuitazama. Barua ya kwanza kutoka nyumbani ilifika mwezi wa pili. Baba ndiye aliyeandika, kwa mwandiko wake mkubwa. Wadogo zangu walikuwa wazima. Mahindi ya Buteba yalikuwa yamevunwa mazuri. Mama aliniomba msamaha kwamba hakuweza kukaa kunitajia maneno ya kuandika, maana alikuwa amekwenda Tororo. Watu walikuwa wameanza kuja Dabani tangu Januari, wengine kutoka mbali, hata Mbale na Kisumu, na barua zao za shule mkononi. Ofumbi alikuwa amemwekea kiti chake mwenyewe pale ofisini, kila Alhamisi.

“Kwa Desemba inayokuja,” baba aliandika, “ana majina ishirini na saba. Nami namshikia daftari.”